Uso wa Mfalme Zolgar

Nochem Perelstein alikuwa mchoraji wa katuni, na kama hujawahi kumsikia usijilaumu, maana hata waliomsoma kila mwezi hawakumjua. Chini ya picha zake aliandika Norman Pearl. Jina fupi, safi, lisilonuka kitunguu. Jina hilo ndilo lililomfanya baba yake aache kusema naye kwa miaka tisa.

Haya nayajua kwa sababu nilikuwa pande zote mbili. Mchana nilikaa karibu na meza ya Nochem katika Kampuni ya Bulwark, Manhattan, ghorofa ya nane, nikiandika kwa mkono maneno yote yanayotoka vinywani mwa mashujaa. Jioni nilirudi Bronx, Mtaa wa Bathgate, nikapanga foleni kununua kuku kwenye bucha ya baba yake. Mimi ni Hinda Kravetz. Sikuolewa, na mwanamke akiniuliza kwa nini, namuuliza yeye aliolewa kwa nini.

Mzee Zalman Perelstein hakuwa mtu mkubwa, lakini duka zima lilikuwa dogo kwake. Nyusi zake zilikutana katikati, na ya kushoto alikuwa akiipandisha juu mteja akiulizia bei. Pua ilivunjwa na ng'ombe mmoja huko Poland aliyekataa kufa kwa adabu. Akishamaliza kukata nyama alifuta kishoka kwenye aproni, akaweka mkono kiunoni, akanyanyua kidole, akanguruma: "Nani anafuata?" Hata aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni alirudi nyuma kidogo. Mimi mwenyewe, na ulimi wangu huu, niliwahi kuondoka pale na maini ambayo sikuyaagiza.

Nochem alilelewa nyuma ya kaunta ile. Alichora kwenye karatasi za kufungia nyama, na wake za watu walifika nyumbani wakakuta majitu yanapigana kuzunguka ini la ndama. Mzee alijivuna sana. "Karatasi usiitupe, mama," aliwaambia wateja. "Mwanangu kachora hiyo." Alisema hivyo mpaka watu wakachoka.

Kisha Nochem akapata kazi Bulwark, na siku kitabu chake cha kwanza kilipotoka alikimbia nacho mpaka bucha. Mzee alinawa mikono, akavaa miwani, akafungua ukurasa wa kwanza, akatafuta. Akageuza, akatafuta tena.

"Perelstein yuko wapi?"

"Ni huyu, baba. Norman Pearl. Bosi alisema jina letu halienei."

"Halienei? Mlangoni pangu limeenea. Juu ya kaburi la baba yangu limeenea." Akamrudishia kitabu. "Mwenye hiki simjui."

Ikawa ndiyo imetoka hiyo. Usidhani waliacha kuonana! Kila Ijumaa jioni Nochem alikula kwao kama kawaida, supu na kuku na mkate wa kusuka, ila baba yake alisema naye kupitia kwa mama. "Freyde, mwambie Bwana Pearl asogeze chumvi." Na Nochem, kichwa kigumu kile kile, akajibu: "Mama, mwambie mzee chumvi iko mbele yake." Maskini Freyde alikula chakula baridi miaka yote hiyo kwa kupokezana maneno ya wanaume wawili waliokaa meza moja. Mimi ningewamwagia supu.

Sasa, bosi wetu aliitwa Mortimer Gansler. Bulwark ilikuwa kampuni kubwa ya katuni za mashujaa, lakini hadithi zake hazikuandikwa na mtu. Gansler alimsimamisha mchoraji mbele yake, akamweleza mambo mawili matatu huku akirusha mikono, mara nyingine akipanda juu ya kiti kuonyesha jinsi jengo linavyoanguka. Mchoraji alikwenda kuchora kitabu kizima kutoka kichwani mwake, na pembeni mwa kila picha akaandika kwa penseli nini kinatokea. Ndipo Gansler akajaza maneno, nami nikayapiga wino ndani ya viputo vya usemi. Wasomaji walidhani Gansler ndiye mwenye akili. Na yeye alidhani hivyo hivyo.

Siku moja alitaka adui mpya wa Askari Umeme, shujaa wetu mkuu, kijana mzuri wa meno ambaye sura yake ukigeuza ukurasa umeisahau. "Nataka mfalme wa sayari nyingine," alimwambia Nochem. "Awe anatisha. Awe na kiburi. Watoto wamchukie halafu wasilale wakimngoja." Akapanda kwenye kiti, akashuka.

Kurasa ziliponifikia nilitazama lile taji la chuma, lile joho refu, zile ngumi. Kisha nikatazama uso. Lo! Alikuwa Mzee Zalman, na nyusi zake, na ndevu zake, na pua ya yule ng'ombe. Kwenye picha moja alikuwa amemaliza jeshi zima, mkono kiunoni, kidole juu, na pembeni Nochem ameandika: "Hapa Zolgar anauliza nani anafuata." Nilicheka mpaka nikatia doa la wino kwenye bahari aliyoichora.

"Nochem, baba yako anajua?"

"Baba yangu hasomi takataka hizi."

"Umemfanya adui wa dunia nzima, wewe mtoto."

"Nimemfanya mfalme," alisema, akaendelea kuchonga penseli yake.

Watoto walimpenda Mfalme Zolgar kuliko Umeme mwenyewe. Barua zilikuja kwa magunia. Pale Bathgate ndiyo usiseme: waliingia bucha wakijifanya wametumwa, wakasimama kumkodolea macho mzee, na akiwafokea wasogee walitoka nje wakirukaruka kwa furaha. Kila mtu mtaani alijua. Hakuna aliyethubutu kumwambia mwenyewe.

Na Zolgar hafi. Katika kazi yetu adui mzuri huwa hafi, huo ndio utaratibu. Anaanguka mtoni, moto unalipuka, moshi unatanda, maiti haionekani, na baada ya miezi michache huyu hapa amerudi na joho jipya. Zolgar alikuwa ameshaanguka baharini, ameshaanguka kwenye volkano, mara moja alianguka kutoka mwezini. Hata mtoto mdogo alijua kwamba bila maiti hakuna msiba.

Basi kipupwe kimoja mauzo yakateremka. Gansler alitoka kwenye kikao na wenye kampuni uso umemvimba, akaja moja kwa moja kwa Nochem.

"Zolgar anakufa."

"Anaanguka wapi safari hii?"

"Haanguki popote. Nataka maiti, Norman. Ukurasa mzima wa mwisho. Amelala chali, macho yamefumba, uso uonekane vizuri, hata mjinga aelewe kwamba huyu harudi. Alhamisi kurasa nazipeleka kwa mchapaji."

Nochem alisema sawa. Ilikuwa kazi tu. Alianza ukurasa wa kwanza siku hiyo hiyo, na kesho yake Mzee Zalman akaanguka kwenye bucha, kishoka mkononi, mbele ya foleni nzima. Moyo. Wakambeba hospitali, hasemi, hatambui mtu, na madaktari wakamwambia Freyde angoje, neno ambalo daktari hulitumia akiwa hana jingine.

Freyde hakungoja. Alikwenda sinagogi, na mbele ya Torati mzee akaongezewa jina. Kwetu Wayahudi mgonjwa akizidiwa hufanywa hivyo: Malaika wa Mauti akija na amri ya kumchukua Zalman, amkute Chaim, yaani Uhai, arudi alikotoka kuulizia vizuri. Wengine hucheka. Hucheka mpaka siku ya kwao.

Nochem alikuwa mmoja wa wachekaji. Alikuwa akila soseji ya nguruwe Jumamosi, siku ya Sabato yenyewe, kwenye kibanda cha stesheni, watu wakimwona. Lakini asubuhi hiyo alikaa mbele ya karatasi nyeupe, penseli mkononi, na alikuwa na rangi ya chokaa.

"Hinda, mimi siamini mambo haya."

"Mambo gani?"

"Yote."

"Basi chora."

"Siwezi. Nikianza nyusi mkono unakataa." Aliifunika karatasi kwa kiganja. "Akifa leo, unajua neno lake la mwisho kwangu ni lipi? Hata si kwangu. Alimwambia mama aniambie nifunge mlango, baridi inaingia."

Nilimwonea huruma, nikakasirika kwamba namwonea huruma, nikamsukuma kwa Gansler.

"Mwambie hutaki."

Alikwenda akamwambia. Tulisikia sote, maana mlango wa Gansler ulikuwa wa kioo.

"Hutaki?" Gansler alishangaa, hata hakukasirika. "Basi usichore. Nampa Kowalchik. Kowalchik anamjua Zolgar kwa moyo, na ukimlipa vizuri atamuua hata bibi yake. Unataka nimpe Kowalchik?"

Kutoka kona yake Kowalchik, aliyekuwa akiipaka wino michoro ya Nochem, alipunga brashi. "Nitamchomeka mikuki mitatu, Norman! Ulimi nje!"

Hapo ndipo alipobanwa. Akichora, anamlaza baba yake chali kwa mkono wake mwenyewe. Akikataa, mtu mwingine atamlaza, tena kwa kicheko. Uso ule ulikuwa wa kampuni sasa, si wake wala si wa mzee. Nochem alikusanya karatasi zake akaondoka nazo.

Alhamisi alirudi hajanyoa. Kurasa zote zilikuwa za penseli, za kumpa Kowalchik apake wino, isipokuwa ule wa mwisho. Huo alikuwa ameupaka mwenyewe, kwa sababu Kowalchik angeona taji na joho akachora uso anaoujua bila kutazama penseli imesema nini. Aliuweka mezani kwangu kwanza.

Zolgar amelala chali. Taji limebingirika pembeni. Macho yamefumba. Lakini uso ulikuwa mwembamba, hauna ndevu, masikio yamesimama kama vipini vya sufuria, na juu ya pua kuna alama mbili za miwani. Nilimtazama Nochem, nikatazama karatasi, nikatema mate pembeni mara tatu kufukuza mabaya, mimi niliyekuwa najiona mwanamke wa kisasa.

"Umerukwa na akili? Futa!"

"Wino haufutiki."

"Basi chana! Mtu hajichori maiti, Nochem!"

"Sinagogi wamempa jina," alisema polepole. "Mimi la kumpa sina, lake lenyewe nililitupa. Nina uso. Kama kuna anayemtafuta mtu wa sura ile, humu asimpate."

"Na akimkuta wa sura hii?"

Akainua mabega.

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa, na bado nilikuwa nafikiria jinsi ya kuuchana ule ukurasa Gansler alipofika akaunyakua. Aliusogeza karibu na macho, akausogeza mbali.

"Mbona hafanani?"

Na mimi, sijui ni shetani gani alinisukuma, nikasema: "Bosi, umeshaona maiti gani inayofanana na alivyokuwa?"

Gansler alifikiri. Ninaapa macho yalimlegea. "Kweli," alisema. "Mama yangu hakufanana kabisa. Inatia huzuni. Inauza. Pelekeni."

Ukaenda kwa mchapaji.

Mzee Zalman hakufa. Wiki ile ile alifumbua macho akalalamikia supu ya hospitali, na Freyde akawapigia watu simu Bronx nzima kuwaambia ni lile jina. Nochem alikwenda kumwona, akakaa upande wa kitanda, na mzee akasema: "Freyde, mwambie Bwana Pearl huko alipokaa ananizibia dirisha." Nochem akahamisha kiti. Alinisimulia huku akitabasamu, lakini nilimwona jinsi alivyoshika kikombe cha chai. Yaani mtu umelala mautini, umerudishwa, na bado unapitisha maneno kwa mkeo? Nikaacha kununua kuku pale kwa muda, kwa hasira tu.

Kitabu kilitoka majira ya kuchipua, na barua zikaja magunia kwa magunia, nyingi za matusi. "Yule si Zolgar!" Watoto hawadanganyiki. Gansler alisugua mikono, maana mwenye kutukana naye amenunua.

Asubuhi moja, watu tumeinamia kazi, mlango wa ngazi ukafunguliwa kwa kishindo. Lifti ilikuwa mbovu. Mlangoni alisimama Mzee Zalman amevaa koti lake la Sabato siku ya kazi, kofia imempanda juu, anahema kama aliyebeba nusu ya ng'ombe ghorofa nane. Mkononi ana kitabu kimekunjwa. Akaweka mkono mwingine kiunoni. Nyusi ya kushoto ikapanda.

Kowalchik aliangusha brashi ndani ya chai. Gansler alitoka chumbani kwake kuuliza kuna nini, akaganda kwenye kizingiti, akasema kwa sauti ndogo sana: "Zolgar."

"Nani hapa," mzee alinguruma, "amemuua mwanangu?"

Nadhani nusu ya ofisi ilitaka kukimbia. Mimi niliinuka kumpa kiti, akanisogeza kwa mkono, "Kaa, Hinda, huna kosa, na kuku umeacha kununua kwa nini," akapita kati ya meza mpaka alipo Nochem. Akafungua kitabu ukurasa wa mwisho, akakipiga mezani.

"Nochem."

Miaka tisa. Hakupitisha neno kwa mtu. Nochem alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Huyu nani?"

"Zolgar, baba."

"Zolgar ni mimi! Unadhani mimi kipofu? Kila mwezi nanunua. Nanunua mtaa wa pili, wasinione. Unadhani sijioni? Pua hii nani mwingine anayo? Zolgar namjua kuliko wewe." Aliweka kidole juu ya uso ule mwembamba. "Nauliza huyu."

"Walitaka nikuchore umekufa," Nochem alisema. "Ulikuwa umelala kule. Sikuweza. Lazima mtu alale pale, baba, nikaona heri..."

"Ulionaje? Nani alikuomba?" Mzee alipiga meza, vidau vya wino vikaruka. "Nimetoka hospitali, nimepona, nakwenda kununua kitabu changu kwa raha zangu, nafungua, namwona mwanangu maiti! Pale barabarani! Muuza magazeti alinishika nisianguke. Wewe una mtoto? Huna. Siku utakayokuwa naye nitakuchorea, uone ni utamu wa namna gani!"

Alitoa leso akapenga kwa nguvu, na kila mtu ofisini akapata kitu cha kutazama sakafuni. Mimi sikutazama sakafuni. Nililia waziwazi, na aliyetaka kucheka angecheka.

Gansler ndiye aliyekohoa. "Mzee, sisi... mtu wetu anaweza kurudi. Huwa wanarudi."

"Nani kakuuliza wewe?" Mzee alimgeukia na nyusi zote mbili, na Gansler akarudi nyuma ya mlango wake wa kioo. Kisha alikiokota kile kiti kilichoanguka, akakisimamisha mbele ya meza, akaketi. Akavua kofia ya nje akabaki na ile ndogo ya ibada iliyokuwa chini yake. Akaweka ngumi juu ya magoti.

"Mfufue," alimwambia mwanawe. "Na nirudishie uso wangu. Huo ni wangu, nikifa nitakufa nao mwenyewe, kwa zamu yangu. Wako nauhitaji hapo ulipo."

"Baba..."

"Chora. Na jina andika lolote, Pearl, Shmearl, mimi nitajua."

Nochem aliketi. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akavua tena. Alishika penseli, akaiweka, akaishika. Mistari ya kwanza ilikwenda upande, akachukua karatasi nyingine.

"Kaa sawa, baba," alisema.

"Nimekaa sawa," mzee alijibu. "Wewe ndiye unayetetemeka."